Kitabu cha Mantiki cha Juani na Masomo ya Shamsa Ukasha

Mgeni rasmi, Profesa Tumaini, Mkurugenzi wa Masomo ya Uzamili. Viongozi wa kijiji, wazazi wetu, majirani mliovuka kuja kutusikiliza: asalaam aleikum, na wakubwa wetu wote shikamooni.

MAKARIBISHO

Sisi wanawake wakulima wa mwani wa Juani, tunaosoma pamoja kila Ijumaa baada ya sala, tunakukaribisha kijijini kwetu. Tunajua uliteremka kwenye boti maji yakiwa magotini na viatu ukavishika mkononi. Pole kwa safari. Risala hii ninaisoma mimi, Aziza Zubery, kwa niaba ya wenzangu. Mwenzetu Shamsa aliombwa aisome, akakataa. Yuko pale nyuma, anasaidia kugawa chai.

HISTORIA

Darasa letu lilianzishwa na marehemu Bi Mwanasiti, aliyeachiwa na baba yake kitabu cha mantiki kilichoandikwa kwa mkono. Matini yake ni ya Kiarabu. Pembeni mwa kurasa kuna maelezo ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, yaliyoongezwa na watu wa ukoo wake kwa zaidi ya vizazi vitatu, yeye akiwa wa mwisho. Mengine ni maneno mawili matatu tu, ya kumkumbusha mwalimu nini cha kueleza.

Tukupe mfano mmoja, mgeni rasmi. Ukurasa wa tisa pameandikwa: "Aliyesema maji yametoka, hakutazama." Basi. Bi Mwanasiti alikuwa akituuliza: mtu yuko ndani, hajachungulia pwani, anasema maji yametoka, yaani bahari imekupwa, na kweli yametoka. Je, amejua? Tulibishana wiki tatu. Mwisho akasema, "Amebahatisha. Angekuwa amejua, angeweza kukwambia amejuaje." Halafu akatuuliza kama hilo jibu lake tumelijua au tumelipokea tu.

Shamsa Ukasha alikaa katika darasa hilo tangu ana miaka minane. Alipomaliza shahada ya kwanza alifundisha sekondari Kilindoni, kisha mwaka 2021 akapokelewa chuoni kwenu kusoma shahada ya uzamili ya historia ya falsafa. Ndiye wa kwanza kutoka kisiwani kwetu kuingia masomo hayo.

MAFANIKIO

Shamsa alipeleka pendekezo la utafiti kuhusu maelezo ya pembeni ya kitabu hiki. Alikipiga picha chote, ukurasa kwa ukurasa, sisi tukishika shuka kuzuia upepo. Aliandika pia makala fupi kuhusu maelezo kumi na tisa aliyoyakumbuka tangu utotoni. Ilichapishwa. Wengi wetu tunaweza sasa kusoma herufi za Kiarabu, na wanne wanafundisha watoto.

CHANGAMOTO

Maelezo yaliyobaki, ishirini na moja, maana yake alikuwa nayo Bi Mwanasiti peke yake. Kanuni za chuo zilisema mwanafunzi asimhoji mtu kabla pendekezo halijapitishwa. Shamsa alizifuata. Kikao cha kupitisha pendekezo lake kilichukua miezi kumi na moja kukaa.

Katika miezi hiyo Bi Mwanasiti alikuwa na miaka themanini na moja, na alikuwa haoni tena. Tulikuwapo siku alipomwambia Shamsa, "Mwanangu, niulize leo. Leo kichwa changu chepesi."

Shamsa akasema, "Bibi, bado sijaruhusiwa."

"Na nani?"

"Na chuo."

"Basi wape salamu," Bibi akasema.

Alifariki mwezi wa Machi. Jibu la chuo lilifika Mei. Lilisema pendekezo limekataliwa, kwa kuwa mazungumzo ya wanawake wa pwani si falsafa, na mwombaji anashauriwa ayapeleke idara inayoshughulika na mila. Shamsa alikata rufaa, akaeleza kwa kurasa sita kwa nini swali la ukurasa wa tisa ni swali la falsafa, la kujua ni nini, na si la mila. Rufaa haikujibiwa. Muda wake wa masomo ukaisha, akaletewa barua ya kufutwa usajili.

Mgeni rasmi, sahihi iliyo chini ya barua hiyo ni yako. Hatulitaji hili kwa kulaumu. Tunalitaja kwa sababu risala inayoliacha isingekuwa kweli, na tumefundishwa kuwa waangalifu na kweli.

Tumearifiwa kuwa makala ya Shamsa imesomwa ng'ambo, na chuo kimeulizwa kitabu kiko wapi. Tumeelewa kuwa hiyo ndiyo sababu ya safari yako.

MAOMBI

Kwanza, Shamsa arudishiwe usajili, na andiko lake la rufaa lisomwe.

Pili, kitabu kisiondoke Juani. Anayetaka kukisoma atapewa mkeka na msomaji wa kumsaidia.

Tatu, fomu za chuo zinamwita mtu kama Bi Mwanasiti "mtoa taarifa". Tunaomba katika tasnifu aandikwe mwanachuoni. Hatukuona neno jingine linalomfaa.

Tulikuwa na ombi la nne, kuhusu yale maelezo ishirini na moja. Tulilijadili, tukaona halina wa kuombwa.

Siku barua ya kufutwa ilipofika, Shamsa aliisoma, akaikunja, akashuka nasi shambani kufunga mwani. Tulidhani amekata tamaa. Ijumaa iliyofuata alikaa mahali pa mwalimu, akafungua kitabu kwenye moja ya kurasa zile ambazo maelezo yake hakuna anayeyajua. "Bibi hatuwezi kumwomba atueleze tena," akasema. "Tutafikiri wenyewe, na tutaandika kuwa ni sisi tuliofikiri." Mpaka leo tumepita kurasa tano kwa namna hiyo.

Leo ni Ijumaa, mgeni rasmi. Boti yako inaondoka saa kumi. Darasa linaanza saa nane, na tumekuwekea nafasi ya kukaa, upande wa wanafunzi.

Mwenyezi Mungu akupe wepesi katika kazi yako, akurejeshe kwa watu wako ukiwa mzima, na amrehemu mwalimu wetu.

Ni sisi,
Darasa la Ijumaa la Wanawake Wakulima wa Mwani,
Juani, Mafia.