Mwalimu wa Wazazi na Kufuli la Kamati

Familia imeniomba mimi, mdogo wa mwisho wa marehemu, niusome wasifu huu. Kamati ya kituo chake cha kufundishia wazazi ilituletea mwingine ulioandikwa tayari, kurasa nne, mwenyekiti akitajwa mara kumi na moja na marehemu mara tatu. Tunashukuru. Tumeuacha nyumbani.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu kati ya saba wa fundi cherehani na mkunga. Alianza shule ya msingi mwaka 1964, akamaliza sekondari 1974 na chuo cha ualimu 1976. Mama alizoea kusema, "Huyu ukimkataza jambo, umempa kazi."

Kwa miaka thelathini na minne alifundisha darasa la kwanza. Huko ndiko alikogundua kwamba watoto waliorudi na kazi ya nyumbani haijaguswa hawakuwa wavivu. Wazazi wao hawakujua kusoma na waliona haya kusema. Mwaka 1993 aliomba ghala bovu nyuma ya soko, akalifagia mwenyewe, akawakalisha wazazi kwenye viti vya watoto na kuwafundisha kile kile walichofundishwa watoto wao asubuhi. Dereva mmoja wa lori, mtu wa miraba minne, alikaa humo miaka miwili, magoti yakikaribia kidevu. Siku alipoandika jina la bintiye kwa mara ya kwanza, aliomba ruhusa atoke nje kidogo. Mwalimu akamwambia, "Toka, lakini urudi. Umeruka herufi moja."

Waheshimiwa wa kamati walikuja baadaye, mambo yalipokwisha kunoga. Kwa kupiga picha hawana mpinzani.

Aliolewa tarehe 8 Agosti 1981 na fundi redio aliyekuja shuleni kutengeneza kipaza sauti. Shemeji anakiri kwamba kazi aliimaliza siku ya kwanza, akarudi siku nne zaidi kukaza skrubu ambazo hazikuwa zimelegea. Walijaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja.

Novemba 2021 aligundulika ana saratani ya tumbo. Alipolazwa, kamati ikaona imuenzi. Wakapaka ghala rangi, wakaleta viti vipya vya kuzunguka, wakatundika picha yake ukutani, kisha wakatia kufuli ili pasichafuke. Anayetaka kuingia kusoma, tangazo likasema, aandike barua ya maombi kwa mwenyekiti. Hilo ni darasa la watu wasiojua kuandika. Watu wazima saba walikaa mezani, wakanywa chai, wakalipitisha jambo hilo bila hata mmoja kukohoa.

Dada alipoletewa habari hizo wodini hakulia. Alisema, "Wanataka barua? Haya, watazipata." Tangu hapo kina mama na kina baba walikuja wawili wawili saa ya kuona wagonjwa, madaftari yakiwa ndani ya vikapu, naye akawafundisha akiwa amelala, kalamu ikimponyoka. Muuguzi alimsihi apumzike. Akamjibu asubiri kidogo, huyu hajamaliza mstari.

Alifariki tarehe 9 Juni 2022, saa nne asubuhi, mzazi wa thelathini na moja akiwa katikati ya sentensi. Barua ile mama huyo aliimalizia kwenye benchi nje ya wodi, akilia.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, wadogo zake wanne, na wazazi thelathini na mmoja, ambao wamesimama pale nyuma kwa sababu viti vya mbele vimekaliwa na kamati tangu asubuhi.

Barua zao hizi hapa. Hakuna aliyeandikiwa na mtu. Makosa yamo, na ni yao wenyewe. Mwenyekiti atazipokea sasa hivi, mbele ya jeneza, azisome zote kwa sauti, kisha atoe ufunguo. Kaburi limekwisha kuchimbwa, halina haraka.

Dada yetu apumzike, kazi yake ameifanya. Mwenyekiti, simama.