Verlene wa Saluni na Ngazi za Shule

Wasikilizaji wapendwa, ninayoyasema leo ni kweli tupu. Atakayenikamata na uongo, nitawakaangia kambare waombolezaji wote, kwa mafuta yangu. Naapa.

Verlene Stubbs ametutoka. Msusi wetu hapa Toledo. Ile sheria mpya ya shule ilipotoka Washington, wazazi hatukuelewa kitu. Verlene aliisoma yote, akaifundisha mle saluni kwake. Anakupaka dawa ya kulainisha nywele, kichwa kinaanza kuwaka, ndipo anauliza: "Shule ikifeli miaka miwili mfululizo?"

"Mtoto ana haki ya kuhamia nyingine! Nioshe, Verlene, naungua!"

"Na mtoto akipigwa akaumizwa humo shuleni?"

"Ana haki ya kuhama! Maji, mwanamke, maji!"

Dada yake, Lorraine, kaniambia: "Kovu ninalo kisogoni mpaka leo. Lakini sheria naijua."

Shikeni hilo, wapendwa. Mtoto akipigwa akaumizwa shuleni, ana haki ya kuhama.

Basi binti mmoja wa mtaani kwetu, Deshonda, akavunjwa taya kwenye ngazi za shule. Wasichana watatu, mateke ya buti, meno sakafuni. Mwalimu mkuu akasema, "Ameanguka." Na aliyeanguka hahamishwi. Akipona, angerudi kwa walewale watatu.

Verlene akaenda kwenye mkutano wa wazazi, ukumbini juu ya ngazi zilezile. Mwalimu mkuu kakazana: "Ameanguka." Hapo Verlene akazungusha mkoba, na ndani mna pasi ya nywele. Pua ikapasuka pwaa! Bwana yule akabingirika ngazi zote, damu mpaka kwenye tai. Wakaja walinzi wanne, akawalaza kama magogo. Mwalimu mkuu analia, "Nimepigwa!" Verlene akamjibu, "Umeanguka, baba. Ila kama umepigwa, una haki ya kuhama."

Ngojeni, kuna simu.

"Babu Cletus, ni Deshonda."

"Mwanangu! Pole kwa msiba."

"Asante. Babu, Shangazi Verlene hakumgusa mtu. Mlinzi ndiye aliyemsukuma. Alishuka ngazi zile kwa mgongo, mkono ukavunjika, mfupa ukatokeza nje. Akainuka akawauliza wazazi, 'Mimi nimeanguka?' Ukumbi mzima: 'Umesukumwa!' 'Na Deshonda?' Watoto wao walikuwa wameona, lakini wazazi wakaogopa kusema. Damu inamchuruzika, akauliza tena. Ndipo mama mmoja akasimama: 'Alipigwa. Mwanangu aliona.' Wakasimama wengine, wakagoma kutoka mpaka polisi wakaja kuandika kwamba nilipigwa. Nilipopona nikaanza shule nyingine. Na wewe, Babu, ulikuwa Florida unavua samaki."

"...Nani kakwambia?"

"Shangazi mwenyewe. Kambare wangapi, Babu?"

Poleni Lorraine na ukoo wote wa Stubbs. Na wewe mzazi, leo mtoto akirudi na jeraha akakwambia ameanguka, muulize mara ya pili.

Mimi nawasha jiko hapa nje ya studio. Njooni na sahani zenu. Mafuta ni yangu.