Mbuzi Saba wa Venanti

Kijiwe chetu kiko nyuma ya soko la Kibondo: mabenchi mawili na jiko la Omary, muuza kahawa. Mvua ilikuwa imenyesha wiki tatu mfululizo, madimbwi yamejaa, mbu hawasemeki. Asubuhi hiyo Venanti, mfugaji wa Mabamba, alifika na habari mbaya: mbuzi wake saba wametupa mimba ndani ya siku nne.

— Saba? Hao wamekula majani ya sumu, — akasema Lukmani, tunayemwita Redio kwa sababu hazimi.

— Wako bandani. Wanakula ninachowakatia mwenyewe.

— Basi ni mnara wa simu, — Omary akadakia. — Tangu uwashwe, hata kuku wangu wanataga vimayai.

— Kuku wako wana njaa! — Redio akamkatiza. — Mimi nasema ni radi. Ikipiga Burundi, mtikisiko unavuka mpaka bila pasipoti.

Tukacheka. Venanti hakucheka.

— Mmoja yuko hoi. Nataka nimchinje leo, angalau tupate nyama.

Mama mmoja Mkongo, Aksanti, muuza vitenge, alikuwa amesimama akisubiri kahawa. Ndiyo kwanza tunamwona kijiweni.

— Papa, samahani. Ile watoto ya mbuzi yenye ilikufa, nani aliitoa na mikono?

Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kuuliza hivyo.

— Mke wangu, Zena, — Venanti akasema taratibu. — Ana homa tangu juzi. Tulidhani malaria.

— Kwetu ilitupataka hivi. Mbu anaumaka mbuzi, kisha mtu anashika damu, na yeye anaumwa. Usichinje! Peleka mama hospitali, na uwaambie habari ya mbuzi.

Redio akainuka benchini. Akawasha pikipiki yake, Venanti akapanda nyuma, wakaenda kumchukua Zena. Omary akampigia bwana mifugo, naye akafika Mabamba siku hiyohiyo na glavu, akazika mizoga na kuwatenga mbuzi wagonjwa.

Vipimo vilionyesha homa ya Bonde la Ufa. Zena alilazwa. Siku mbili za mwanzo Venanti alilala sakafuni pembeni ya kitanda chake. Siku ya tatu homa ikashuka, Zena akaomba uji.

Jumamosi iliyopita alikuja kijiweni mwenyewe, amekonda, anamtafuta Aksanti amshukuru. Redio akaruka kumpisha.

— Kaa hapa, mama, usichoke.

— Nimelala siku kumi, Lukmani. Niache nisimame.