Karibu Iliyoitikiwa

Kijiwe kiko pembeni mwa duka la vipuri: benchi moja refu, mguu umelegea, na birika la kahawa lisilopoa. Wenyewe ni wawili. Hakimu ni fundi cherehani anayehukumu kila kesi isiyomhusu. Spana ni fundi magari, na hajawahi kukubali kwamba kuna kitu asichokijua. Jioni hiyo walimbana Kalamu, mwandishi, aliyerudi juzi kutoka ughaibuni. Makala yake ya safari ilitakiwa kesho asubuhi, na mhariri alimpa sharti: aseme watu wa huko ni wema au wabaya, maana makala ya vuguvugu hainunuliki. Kalamu mwenyewe hakujua. Nchi ile ilimfurahisha ikamuudhi, tena siku hiyohiyo.

— Kusafi huko? Spana akauliza.

— Kusafi mpaka unaona haya kupiga chafya. Na basi likisema saa mbili, ni saa mbili.

— Basi ni wema, Hakimu akakata shauri. Tunywe kahawa.

— Ngoja kwanza. Niko kwenye treni, nimetoa mkate wangu na yai. Nikamwambia jirani, kwa lugha yao kabisa: karibu.

— Naye akasema asante, endelea.

— Alichukua nusu.

Hakimu akakiweka kikombe chini.

— Nusu ipi? Spana akauliza taratibu.

— Yenye yai.

— Wabaya hao, Hakimu akageuza hukumu. Karibu ni adabu, siyo chakula. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi.

— Hapo inaingiaje?

— Inaingia. Wako ulibaki mtupu, au haukubaki?

— Mimi naijua hiyo, Spana akasema. Yule ni kazi yake. Anapanda treni kila siku, anakaa karibu na wageni wenye adabu. Mvumilivu hula mbivu.

— Nani amlipe mtu kwa kazi hiyo?

— Serikali yao. Unadhani usafi ule unatoka wapi? Hawapiki, ndugu yangu. Nchi nzima inakula karibu za wageni. Jiko halichafuki, taka hazipo.

Kalamu alicheka mpaka kahawa ikampalia. Moyoni, lakini, alikuwa ameshaanza kuipanga sentensi ya kwanza ya makala, na ilikuwa na neno walafi. Aliipenda. Ilikuwa na sumu kidogo, na mhariri angeifurahia.

Mama mmoja aliyehamia mtaani wiki ile alikuwa amesimama hapo akisubiri kikombe chake. Alikuwa amesikia yote.

— Samahanini kaka zangu, akasema. Huyo mtu alikuwa na njaa?

Hakimu akamtazama Spana. Wote wawili wakamgeukia Kalamu.

Kalamu akajaribu kumkumbuka yule bwana, macho yake, nguo zake, hata namna alivyotafuna. Hakupata kitu, na aibu ikamshika.

— Sijui, dada yangu, akasema. Sikumtazama usoni.