Mama Stoo, Aliyejaribu Kila Spana

Baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne ya utumishi, mtunza stoo ya vifaa wa karakana yetu anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina lake kamili limo kwenye faili la ajira, lakini wengi wetu hatujawahi kulisikia likitajwa. Ni Mama Stoo kwa mafundi, Mama Stoo kwa madereva, na kuna barua ya makao makuu iliyowahi kuja imeandikwa hivyo hivyo ikafika bila tabu.

Mwandishi wa wasifu huu aliomba kazi hii apewe mtu mwingine, kwa sababu ambazo karakana nzima inazijua na ambazo zitaelezwa mbele kidogo. Aliyekataa ni Mama Stoo mwenyewe. Alisema, "Mwacheni aandike yeye. Wengine watanisifu tu."

Aliajiriwa kama mfagiaji. Mwaka wake wa pili, mtunza stoo wa wakati ule alihama, na funguo akakabidhiwa yeye kwa wiki mbili, wakati mtu mwenye sifa akitafutwa. Mtu huyo bado anatafutwa. Katika zile wiki mbili alipaka ukuta rangi ya kijivu, akatundika kila kifaa kwenye msumari wake, kisha akachora umbo lake kwa rangi nyeupe, ili kikikosekana pengo lionekane kutoka mlangoni. Fundi aliyeondoka na koleo mfukoni alikuta pengo limebandikwa karatasi yenye jina lake, kwa herufi kubwa, na aliyesahau mara mbili alipewa jina la hicho kifaa mpaka mwisho wa mwezi. Tunaye fundi mmoja wa umeme ambaye mpaka leo anaitwa Bisibisi.

Watu wa nje humdhania kuwa ni mpenda vitu vya ghali. Si kweli, na yeye mwenyewe ndiye anayewasimulia wageni kosa lake. Mwaka wa tatu alipigania karakana inunue seti ya soketi za kufungulia nati iliyokuja katika sanduku jekundu lenye kitambaa laini ndani, bei yake sawa na seti tatu za kawaida. Aliipata. Mwezi haukuisha, soketi nne zikapasuka na ile rangi ya kung'aa ikaanza kubanduka na kuwachoma mafundi vidoleni. Ilikuwa feki. Tangu siku hiyo, mtu akimwambia kizuri chajiuza, humjibu kwamba hata lile sanduku lilijiuza, tena kwake yeye.

Ndipo ulipoanza utaratibu wake. Nje ya dirisha la stoo kuna ekseli ya lori kuukuu iliyochimbiwa kwenye saruji, na juu yake zimechomelewa nati sita za ukubwa mbalimbali, hazigeuki kwa namna yoyote. Kila spana mpya, iwe ya bei ya juu au ya chini, hutiwa kwenye nati yake, na Mama Stoo huiegemea kwa uzito wake wote, ambao kwa heshima zote si haba. Mdomo wa spana ukipanuka, au ikiteleza ikachubua pembe za nati, inarudi kwa muuzaji. Ikistahimili, inapakwa mstari wa njano na kupewa msumari. Hakuna kifaa kilichotoka dirishani bila mstari huo.

Ushauri wake kuhusu ununuzi ulikuwa mwepesi, na mafundi wengi wameuhamishia majumbani kwao. Kinachoshika nati, kinachobeba gari na kinachopima, usikionee huruma ya bei: spana, soketi, jeki na stendi zake, geji ya upepo. Kinachogongwa na kinachopotea, nunua cha sokoni: patasi, faneli, brashi za waya, bisibisi ya kuchokolea. Kifaa utakachokitumia mara moja kwa mwaka, azima. Mumewe, mwalimu mstaafu, anasema aliwahi kurudishwa dukani mara mbili siku moja, kwanza kwa kununua koleo la bei poa, kisha kwa kununua nyundo ya bei mbaya. Mkwe wake naye alifanya kosa la kumwonyesha sanduku lake jipya la vifaa. Spana mbili ziliharibika kabla ya chai. Siku hizi akija kusalimia ukweni huliacha sanduku kwa jirani.

Sasa tufike pale penye uzito.

Miaka miwili iliyopita karakana iliamua kumpa kila fundi seti yake ya spana, seti arobaini kwa mpigo. Mwandishi wa wasifu huu, ambaye ni msimamizi wa zamu, alileta sampuli kutoka kwa muuzaji aliyempata mwenyewe. Ilikuwa ya bei ya chini sana, na ilipofikishwa kwenye ekseli ilistahimili vizuri. Mama Stoo akataka zikija zote zijaribiwe moja moja. Mwandishi alisimama kikaoni akasema sampuli imeshafaulu, kazi zimerundikana, na spana ni spana. Watu walicheka. Meneja akakubaliana naye, na kwa mara ya kwanza zikapakwa mstari wa njano spana ambazo hakuna aliyezijaribu. Mama Stoo alikataa kushika brashi, ikabidi mwandishi azipake mwenyewe.

Wiki ya sita, fundi wetu wa breki, tunayemwita Taratibu kwa sababu hajawahi kuharakisha kitu, alikuwa akifungua bolti ya breki chini ya gari la kubebea mizigo. Spana yake ya saizi namba kumi na saba ilipanuka mdomo katikati ya mvuto. Mkono wake ukaenda wote kwenye ukingo wa chesisi, na kano za vidole viwili vya mkono wa kulia zikakatika. Amefanyiwa upasuaji mara mbili. Vidole vipo, ila havikunji.

Ripoti ya ajali iliandikwa kesho yake. Ilisema chanzo ni uzembe wa fundi, kwamba alivuta kwa nguvu kupita kiasi. Kwa maneno hayo Taratibu, baba wa watoto watatu, angepoteza kazi na fidia pamoja. Ripoti ilihitaji saini tatu: ya meneja, ya msimamizi wa zamu, na ya mtunza stoo. Meneja alitia yake. Msimamizi wa zamu akatia yake. Karatasi ikapelekwa dirishani kwa Mama Stoo, akaisoma akiwa amesimama, akairudisha chini ya wavu wa dirisha bila saini.

Alipewa siku mbili, kisha akapewa barua ya onyo iliyotaja mafao yake kwa njia ya mzunguko ambayo kila mtu aliielewa. Alikuwa na muda mfupi tu kabla ya kustaafu. Mumewe alimwambia nyumbani kwamba wakikosa mafao wataishi kwa pensheni ya mwalimu, wameshazoea kubana. Hatukulijua hilo wakati ule. Tumelisikia mwaka huu.

Siku ya tatu, saa ya chakula cha mchana, alizikusanya zile namba kumi na saba kutoka kwa mafundi wote, akazipanga juu ya turubai kando ya ekseli. Zilikuwa thelathini na tisa. Alivua saa yake, akaanza kuziegemea moja baada ya nyingine, na kila iliyopanuka aliiweka upande wa kushoto. Mafundi walisogea na sahani zao mkononi. Meneja alishuka kutoka ofisini akasimama nyuma. Ilipofika ya ishirini hivi, kiganja chake kilianza kuvuja damu, akajifunga tambara akaendelea. Alipomaliza, upande wa kushoto zilikuwa spana kumi na moja. Alisema sentensi moja tu: "Taratibu hakuvuta kunizidi mimi."

Ripoti iliandikwa upya. Taratibu alilipwa fidia yake na kubaki kazini, sasa yuko dirishani, na kuanzia mwezi ujao ndiye mtunza stoo. Meneja, tumpe haki yake, alitia saini ripoti mpya alasiri ile ile. Msimamizi wa zamu aliitia kesho yake asubuhi, baada ya kukesha akitafuta namna ya kuibadilisha isimtaje.

Msimamizi huyo ni mimi. Nimejificha nyuma ya "mwandishi" tangu mwanzo wa ukurasa huu, na naona hata hapa nilikuwa nataka kumaliza bila kujitaja.

Taratibu nilimwomba radhi hospitalini, akanipokea kiungwana kuliko nilivyostahili. Wewe, Mama Stoo, sijakuomba. Nimepita dirishani kwako kila asubuhi kwa miaka miwili, nimechukua vifaa, nimesema shikamoo, umeniitikia, nimeondoka. Uliponitaka niandike, nilidhani unaniadhibu. Nimeandika hadi hapa ndipo nimeelewa kwamba ulikuwa unanipa nafasi.

Nisamehe, Mama. Nilisaini uongo dhidi ya mwenzangu ili nisiaibike, na wewe ulikuwa tayari kupoteza uzee wako ili uongo huo usipite. Nayasema haya mbele ya karakana nzima, kwa maandishi, na chini yake naweka saini yangu.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, asante kwa kila kidole kilichofika nyumbani salama. Upumzike vyema na mwalimu wako, na maisha yako yote yaliyobaki yawe ya heri.

Msimamizi wa Zamu