Supachaja na Kiti Kisichokaliwa

Sogeeni karibu, enyi mnaopita na enyi mliokwisha kukaa. Tueni mizigo, nyamazisheni simu, mtege masikio kama watu walioitwa mmoja mmoja kwa jina, kwa maana neno hili ni lenu. Mbele ya duka la dawa pana benchi refu lililopigiliwa kwa mbao za masanduku, na juu yake wanaume watatu hukutana kila asubuhi kabla ya kazi. Kuna Kinyozi, ambaye hajawahi kumaliza sentensi bila kuipaka chumvi. Kuna Mstaafu, aliyekuwa karani wa ghala na ambaye bado hufunga tai ingawa hakuna ofisi inayomngoja. Na kuna Fundi Viti, mgane anayeshona viti vya magari ya watu na kulala katika chumba kilicho nyuma ya karakana yake, kitanda cha wawili kikiwa na mto mmoja. Hununua kahawa kwa muuzaji mwenye jiko la mkaa pembeni, hubishana mpaka koo zikauke, kisha kila mmoja hubeba ukimya wake na kwenda nao. Asubuhi hiyo Fundi Viti alifika akiwa na habari, akaitoa hata kabla ya kukaa.

— Jamani, nimepata gari.

— La nani unalishona? aliuliza Kinyozi.

— Sishoni, nanunua! La mkono wa pili, lakini bado lina afya. Mwenyewe anangoja jibu leo. Na lina supachaja.

Mstaafu alishusha kikombe polepole.

— Hiyo supachaja ndiyo nini? Ugonjwa?

— Mashine ya kusukuma hewa ndani ya injini, mzee wangu. Injini nyingine zinavuta pumzi zenyewe. Hii inalishwa pumzi kwa nguvu, inapata mbio. Gari halikutoka nayo kiwandani, mwenyewe aliifungisha baadaye.

— Basi mafuta umeyaaga! alipiga kelele Kinyozi. Likishiba hewa, mafuta litakula ya nini?

— Acha porojo, alisema Mstaafu, ambaye dakika iliyopita hakujua kitu hicho ni nini. Hewa ikizidi, gari linakuwa jepesi. Mashimo yote ya barabara hii unayapita juu kwa juu kama puto.

— Na ukitaka kusimama?

— Unalitoa hewa kidogo kidogo.

— Kwa mlango upi? aliuliza muuza kahawa, na birika likamtikisika mkononi kwa kicheko.

— Nyie mnacheka, alisema Kinyozi. Mimi nimeshapata mteja mwenye gari kama hilo. Alitoka kwake ana ndevu mpaka hapa, kafika kwangu kidevu cheupe. Upepo!

— Sasa wewe ulimnyoa nini?

— Kichwa! Ndevu ndizo alizozitoa dirishani.

Fundi Viti alicheka pamoja nao, lakini moyo wake haukuwa pale. Siku ya posa ya binti yake wa pekee, baba mdogo wa bwana harusi alimtania mbele ya wageni kwamba amewashonea viti watu wa mji mzima na yeye mwenyewe hana hata kimoja cha kukalia. Wageni walicheka. Fundi akasimama, akaapa mbele ya wakwe kwamba hatakanyaga mlango wa binti yake mpaka afike kwa gari lake mwenyewe. Binti akaolewa baba hayupo. Mtoto akazaliwa, akaota meno, sasa anatembea, na babu yake anamjua kwa kilio cha kwenye simu tu. Kila mara binti alipouliza, jibu lilikuwa lile lile: nakuja, mwanangu, mambo yakikaa sawa. Maandiko yanamjua baba wa namna hii. Yule wa kale alirudi kutoka vitani akiwa ameapa kumtoa sadaka wa kwanza kumlaki, na aliyekilipia kiapo kile alikuwa binti yake, aliyetoka kumlaki kwa furaha.

— Na karakana? aliuliza Mstaafu, safari hii bila mzaha.

— Nauza ili nilipe. Karakana, cherehani, vyote. Lakini nikiingia kwa wakwe zangu na ule mlio wa supachaja, hakuna atakayethubutu kufungua mdomo.

— Injini umeikagua? Nani aliifunga hiyo mashine? Aliifunga sawasawa?

— Boneti niliifungua kwa adabu tu. Mimi nakagua viti, bwana. Kiti hakinidanganyi.

— Viti vimesemaje?

Hapo uso wa Fundi ulichangamka, na mikono yake ikaanza kushona hewani.

— Cha dereva kimechoka. Sponji imelalia upande wa mlango, mshono umeachia. Hilo la kawaida. Lakini cha pembeni, jamani! Ngozi imekaza, mshono wa kiwandani haujalegea hata kidogo. Ukiikandamiza sponji inakurudishia mkono. Hata mkanda wake bado una mkunjo wa kwanza. Hakijakaliwa!

— Hilo gari limetunzwa, alikubali Mstaafu.

— Limetunzwa na malaika, alisema Kinyozi. Chukua, kaka. Usipolichukua wewe nalichukua mimi, na pesa sina.

Ukingoni mwa benchi alikuwa amekaa mwanamke asiyejulikana pale, mwavuli magotini, akisubiri duka la dawa lifunguliwe. Alikuwa amenunua kahawa na kunyamaza nayo. Sasa aliinua uso.

— Samahanini, kaka zangu. Kwani huyo mwenye gari hana mtu?

— Mtu gani, dada? aliuliza Kinyozi.

— Mtu yeyote. Wa kukaa naye hapo pembeni.

Mstaafu alinyoosha tai iliyokuwa imenyooka tayari. Muuza kahawa akajifanya anachochea mkaa.

Fundi Viti alimkumbuka muuzaji: mpima ardhi wa makamo, nyumba safi, viatu vya mtu mmoja mlangoni. Alikuwa amemwekea maji, akamwonyesha gari, kisha akamwonyesha tena. Alipoaga, yule bwana alimshika mkono. “Ngoja kwanza, hujalisikia likivuma.” Wakaenda mpaka lami inapoishia, injini ikilia kama mnyama aliyenaswa, na Fundi akakaa nyuma, asije akakitia kile kiti kipya mkunjo. “Hapa ndipo huwa nageuza,” alisema mpima ardhi. “Kisha?” “Kisha narudi.” Alikuwa ameifungisha mashine ile, alieleza, ili asikike anapofika. Nao walipofika, hakuna dirisha lililofunguliwa mtaa mzima.

Fundi aliyaona yote yale na akayasifu. Sasa yalimgeukia. Alijiona ameshika usukani, amebeba kishindo chake kukipeleka kwa watu waliomngoja bila kishindo, na ngozi ya kiti cha pembeni imekaza. Akatoa simu.

— Halo, bwana. Lile gari sitalichukua.

Waliomzunguka walisikia sauti upande wa pili.

— Nipunguze bei?

— Si bei. Gari ni zuri.

Kisha, kwa sauti ndogo:

— Kwa hiyo hutakuja tena?

Fundi aliinuka benchini.

— Wewe ndiye uje, ndugu yangu. Mbele ya duka la dawa kuna benchi. Kuna waongo wawili hapa na kahawa ya moto. Kaa kwenye nafasi yangu.

— Na wewe unakwenda wapi? aliuliza Kinyozi simu ilipokatika.

— Kwa mwanangu. Kwa basi.

— Na yule baba mdogo? Atakucheka mpaka ajishike mbavu.

— Acha acheke. Wakati huo nitakuwa nimeshambeba mjukuu wangu.

Akaondoka na nguo alizokuwa amevaa, vumbi la sponji mabegani. Mstaafu akasogea kidogo, benchi likabaki na pengo la mtu mmoja.

Nawe, mpendwa, unayesikia haya na kutikisa kichwa kana kwamba ni habari za mwingine: ni kitu gani ulichosema utakipata kwanza, ndipo uende? Tangu enzi za magari ya farasi wapo waliolitumainia gari, wakashuka humo wakiwa peke yao. Kiapo ulichoapa kwa majivuno Mungu hakukuagiza, wala hakuna siku atakayokushukuru kwa kukitimiza. Kitubie. Kiache hapo ulipokaa. Simama ulivyo, mikono mitupu, jua lingali juu, ukabishe hodi leo kwa yule uliyemnyima uso wako.