Meza ya Mama Tila: Wasifu wa Marehemu Domitila Ayala

Marehemu Domitila Ayala, ambaye mji mzima wa Ilobasco ulimwita Mama Tila, alizaliwa tarehe 12 Mei 1950 huko kijijini Cinquera, mtoto wa nne wa wakulima wa mahindi, Mzee Eusebio na Bi Petrona.

Shule aliionja tu. Kwao hapakuwa na pa kuandikia, basi alijilaza kifudifudi sakafuni, kuku wakimzunguka. Siku moja kuku akalichafua daftari, na mwalimu akamchapa mbele ya wenzake. Alikuwa darasa la pili. Hakurudi tena, na uchungu huo hakuusahau.

Mwaka 1972 aliolewa na Abelino Menjívar, fundi seremala, ambaye naye alishatangulia. Kabla ya harusi Abelino alimwuliza amtengenezee nini.

"Meza. Kubwa."

"Wenzako wanaomba kitanda, Tila!"

"Kulala hata chini tutalala. Meza kwanza."

Kwa miaka arobaini aliuza pupusa, mikate ya mahindi yenye maharage na jibini ndani, pale pale barazani kwake. Lakini kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja, meza ilikuwa ya watoto: kwanza wake watatu, baadaye wa mtaa mzima. Redio ilizimwa. Hesabu zao hakuzijua wala hakujifanya anazijua. Alimwambia mtoto, "Hebu nieleze mimi," akasikiliza huku akikanda unga, mpaka mtoto mwenyewe akagundua alipokosea. Hakuna aliyechapwa wala kuchekwa. Mkuu wa polisi akija na njaa yake, aliambiwa, "Si una miguu? Kula umesimama, bwana mkubwa."

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Binti yake, Nohemí, ndiye aliyemuuguza, akauza pupusa, akaitunza na meza. Tusifichane: Nohemí alichoka, tena alichoka sana. Kaka zake, Wilfredo na Osmín, walimpigia simu kutoka Los Angeles. "Dada, mama akishatangulia, uza nyumba upumzike." Akakubali. Kuna siku alimwomba Mungu watoto wasije.

Mama Tila alifariki Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, alfajiri. Jeneza liliwekwa juu ya meza, maana mahali pengine hapakuwepo. Saa nane, watoto hao mlangoni, na madaftari yao.

"Leo hakuna, rudini kwenu," Nohemí aliwaambia. "Hamuoni msiba?"

"Tunauona, shangazi. Lakini kesho tuna mtihani."

Nohemí akawaita wanaume, jeneza likahamishiwa kwenye mabenchi mawili, meza ikafutwa. Watoto wakaandika, na waombolezaji wakapunguza sauti. Binti mmoja akakwama kwenye hesabu, akainua kichwa kumtafuta wa kumweleza. Hakumwona. Akaanza kulia.

Nohemí alivuta kiti, machozi yakimtoka naye.

"Haya, mwanangu. Nieleze mimi."

Marehemu ameacha watoto watatu, wajukuu saba, na watoto wa mtaa ambao hatukuwahi kuwahesabu. Nyumba haiuzwi, Wilfredo na Osmín wameshaambiwa. Nohemí bado amechoka, jamani, msimwache peke yake.

Tunaomba mazishi yaishe kabla ya saa nane.

Lala salama, Mama Tila. Meza tumeifuta.